Cheche Ajifunza Kutoa Pumzi Majini

Karakana ya Cheche iko mwisho wa barabara ya mafundi, kati ya duka la rangi na duka la vioo. Tangu asubuhi kelele hazikatiki hapo. Nyundo zinagonga, mashine ya kukatia vyuma inalia, na wapita njia wanaziba masikio. Cheche mwenyewe hazisikii tena. Amezoea.

Ana jina lake alilopewa na wazazi, lakini siku hizi hata mama yake mzazi anamwita Cheche. Ni mwanamke mfupi mwenye mabega mapana. Kazi yake ni kuchomelea vyuma. Anatengeneza mageti, madirisha, vitanda na madawati ya shule. Mteja akija mara ya kwanza huchungulia ndani na kuuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Cheche humjibu, "Ametoka kidogo. Ila nguo zake nimevaa mimi."

Jioni akifunga kazi, hapandi gari. Anarudi nyumbani kwa baiskeli, mlima kwa mteremko. Na alfajiri, kabla ya kazi, hukimbia na wifi yake. Wifi huyo ni dada wa mumewe, mwalimu wa chekechea, mwenye mdomo usiojua likizo. Mawifi hawa wanapenda mazoezi kama wengine wanavyopenda usingizi. Ndiyo maana mwaka jana, waliposikia kuna mashindano ya michezo mitatu, walijiandikisha bila kuuliza mara mbili.

Michezo yenyewe ni hii. Kwanza unaogelea ziwani. Ukitoka majini unapanda baiskeli. Ukishuka kwenye baiskeli unakimbia mpaka mwisho. Yote kwa mfululizo, hakuna kulala.

Baiskeli, Cheche hana wasiwasi nayo. Mbio, ndiyo kabisa. Maji ndiyo yaliyomtoa jasho. Alijua kujitupa bwawani na kupiga mikono, akadhani inatosha. Kumbe wapi! Siku ya mashindano hakufika hata kwenye boya la kwanza. Kifua kilibana. Alimeza maji, akaanza kutapatapa. Waokoaji wakamshika mkono, wakampandisha kwenye boti na kumrudisha ufukweni. Alishuka akikohoa, kajifunika blanketi, umati wote ukimtazama.

Mumewe alimkuta pale pale. Mume wa Cheche ni kinyozi, na kama vinyozi wengi, ni mtu wa maneno mengi. Siku ile alikuwa ameingia ziwani mpaka magotini na viatu vyake miguuni. Wala yeye hajui kuogelea. Usiku ule hakugusa chakula.

Sasa mwaka umezunguka. Jioni moja watoto walikuwa wameshalala, Cheche akikunja nguo na mumewe akisafisha mashine za kunyolea.

"Mama watoto," kinyozi alianza, bila kuinua macho. "Dada yangu ananiambia mmejiandikisha tena."

"Wifi naye! Nilimwambia asiseme."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli."

Kinyozi aliweka mashine chini. "Mke wangu, mimi sikukatazi kukimbia. Sikukatazi baiskeli. Lakini yale maji, hapana. Niliwahesabu waliotoka, mmoja mmoja, nikakukosa. Unajua nilichofikiria? Sitaki kukisema hata leo."

Cheche alijua anachosema mumewe si utani. Alikaa karibu naye. Moyoni aliumia, kwa kuwa aliyataka mashindano yale kuliko alivyoweza kueleza. Kutolewa majini kulimwacha na aibu ambayo haikumtoka. Lakini pia hakutaka mumewe asimame tena ufukweni na hofu ile.

"Tufanye hivi," alisema. "Nipe muda nijifunze vizuri. Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano, uje bwawani. Unitazame kwa macho yako. Niende na kurudi bwawa zima. Ukiridhika, naingia ziwani. Usiporidhika, najitoa, na sitakununia."

"Utaninunia."

"Nitakununia kidogo."

Kinyozi alicheka, ingawa hakutaka. "Haya. Lakini neno langu ndilo la mwisho."

"Neno lako."

Basi, Cheche akaanza kwenda bwawa la manispaa, lililo ndani ya jengo, kila jioni aliyopata nafasi. Wifi ndiye aliyejipa ualimu. Alitembea ukingoni akipiga makofi kama yuko darasani.

"Kaza pumzi, wifi! Kaza! Usiachie mpaka ukutani!"

Cheche alikaza. Alivuta hewa mpaka mashavu yakajaa, akazamisha uso, akapiga maji kwa nguvu zake zote. Na nguvu anazo, si haba. Mwanzoni alikwenda kasi. Baadaye kifua kilianza kuwaka. Aliinua kichwa juu kutafuta hewa, miguu ikazama, akameza maji, akaikamata kamba inayogawa mistari ya bwawa. Nusu ya bwawa, kwisha habari yake. Siku ya pili hivyo hivyo. Wiki ya pili hivyo hivyo.

"Hujakaza vya kutosha," wifi alisema.

"Nikikaza zaidi ya hapa nitapasuka," Cheche alimjibu.

Upande wa pili wa bwawa alikuwepo mtu aliyekuwa akiwatazama. Ni mama wa makamo, mnene, mwenye sauti nzito. Kazi yake ni kuwalinda waogeleaji na kuwafundisha wanaoanza. Shingoni ana filimbi ya kuwaonya wanaocheza vibaya, na kwa hiyo kila mtu humwita Mama Filimbi. Jioni ile alimwita Cheche kwa kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, unagombana na nani humo ndani?"

"Sigombani na mtu."

"Basi maji yamekukosea nini? Mbona unayapiga hivyo?"

Wifi alidakia, "Namfundisha kukaza pumzi, mama."

"Wewe ndiye mwalimu?" Mama Filimbi alimtazama juu mpaka chini. "Haya, mwalimu, nenda kaogelee mstari ule wa mwisho. Huyu niachie mimi."

Wifi alikwenda, mdomo umemshuka.

Mama Filimbi aliingia majini na Cheche, sehemu ya kina kifupi. Alimwambia ashike ukingo wa bwawa. "Somo la kwanza ni pumzi, si mikono. Mtu hapati shida majini kwa kukosa hewa tu. Anapata shida kwa kuwa amejaza hewa chafu aliyokwisha kuitumia, na hataki kuitoa. Hiyo ndiyo inayobana kifua na kukutia kiwewe. Kwa hiyo, ukiwa uso ndani ya maji, toa pumzi. Toa kwa pua na mdomo, polepole, bila kukatisha. Mapovu yatoke. Ukigeuka kupumua, kazi yako ni moja tu: kuvuta."

Cheche alifanya. Akiwa ameshika ukingo, mapovu yalitoka vizuri. Akiachia na kuanza kuogelea, hakuna kitu.

"Unatoa pumzi?" Mama Filimbi aliuliza.

"Natoa, mama."

"Hutoi. Sioni mapovu."

Walijaribu tena na tena. Kichwani Cheche alielewa kila neno. Lakini uso ukigusa maji tu, kifua kinajifunga chenyewe kama mlango wenye springi. Na akihitaji hewa, kichwa kinaruka juu. Alijiona mjinga. Mtu anayeweza kuunganisha geti la gari zima peke yake, anashindwa kupuliza!

"Kuna kitu kimekuzoesha kuzuia pumzi," Mama Filimbi alisema mwishowe, akikamua kofia yake ya kuogelea. "Sijui ni kitu gani. Lakini kipo."

Cheche alirudi nyumbani amenyong'onyea. Mumewe alimwona, akamsogezea chai.

Siku chache baadaye kipandio kimoja cha ngazi ya bwawani kilikatika. Ni ile ngazi ya chuma ambayo watu huishika wakitaka kutoka majini. Mama Filimbi aliibeba begani mwenyewe mpaka karakana ya Cheche.

"Nimekuletea mgonjwa," alisema.

"Mlaze hapo, mama. Atapona sasa hivi. Wewe geuka pembeni, usitazame moto, utaumiza macho."

"Nipe na mimi cha kuvaa usoni. Nataka kuona."

Cheche alimpa helmeti ya akiba, ile ya kuchomelea yenye kioo cheusi mbele. Yeye akavaa yake. Alishika kijiti cha kuchomelea, akavuta hewa mpaka mashavu yakajaa, akatikisa kichwa mara moja, helmeti ikashuka usoni. Moto ukawaka. Cheche alitulia kama jiwe, mkono tu ndio uliosogea. Moto ulipozima, alitupa kichwa juu, helmeti ikafunguka, akapuliza kwa nguvu. "Puuuh!" Kisha akavuta hewa tena, kichwa chini, moto, kichwa juu. "Puuuh!"

Mama Filimbi alivua helmeti. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hivyo hivyo ulivyofanya. Mimi natazama tu."

Cheche alirudia. Hata hajamaliza, Mama Filimbi alishika kiuno akaangua kicheko. Alicheka mpaka muuza rangi akatoka nje kuangalia kuna nini.

"Nimekukamata!" alisema. "Mwanangu, wewe unaogelea kama unavyochomelea! Unavuta, unaziba, unainamisha kichwa. Ukiishiwa, unatupa kichwa juu. Nani kakufundisha hivyo?"

Miaka yote hakuwahi kujitazama. "Aliyenifundisha kazi," alisema taratibu. "Alikuwa akituambia, moto ukiwaka, ziba, ukizima, pumua. Mkono hautetemeki na moshi hauingii."

"Na moshi hauingii kweli?"

Cheche alikohoa kidogo. Kila asubuhi anaamka na kikohozi.

"Unaona?" Mama Filimbi alivuta kiti akakaa. "Ukiziba pumzi, unaikimbia sehemu ya moshi tu. Halafu ukifungua, unavuta mwingi kwa mkupuo mmoja, nao ungali hapo hapo mbele ya uso wako. Kaka yangu ni fundi kama wewe, nimeyaona kwake. Fungua mlango huo wa nyuma upepo upite. Weka feni ubavuni, ivute moshi uende nje. Usiweke uso juu ya moshi. Na ndani ya helmeti vaa barakoa yenye kichujio, ile ya mafundi, si kitambaa. Kisha upumue kama mtu wa kawaida huku unafanya kazi."

"Na majini?"

"Majini shida ni mbili. Ya kwanza ni hiyo pumzi. Ya pili ni kichwa. Hapa ukikitupa juu unakuta hewa, mambo yameisha. Majini ukikitupa juu, miguu inakwenda chini."

Alitazama huku na huku. Aliona nondo ndefu, akailaza juu ya stuli, ikakaa sawa bila kuegemea upande. "Huyu ni wewe umelala juu ya maji. Hiki ni kichwa." Aliinua ncha moja ya nondo. Ncha ya pili ilishuka mpaka sakafuni.

"Loo!" Cheche alisema. Mambo ya nondo hayahitaji kuelezwa mara mbili kwake. "Kumbe ninapotafuta hewa ndipo ninapojizamisha!"

"Ndipo hapo. Sasa, dawa yako tutaanzia hapa hapa karakana, maana ugonjwa umeupatia hapa. Ukishapata feni na barakoa, moto ukiwaka, uimbe."

"Niimbe?"

"Usiimbe nyimbo. Fanya mmmmm. Kidogo kidogo, pumzi ikitoka. Ikiisha, vuta tena taratibu, endelea. Kifua chako kijue kwamba uso ukifunikwa, pumzi inatoka."

Cheche alifanya kama alivyoambiwa. Alifungua mlango wa nyuma, uliokuwa umezibwa na mabaki ya vyuma tangu zamani. Alileta feni na kununua barakoa. Kisha akaanza kuimba. Wateja wakawa wanatazamana. Muuza vioo alimnong'oneza muuza rangi, "Jirani yetu ana nini? Tangu juzi anaguna kama friji."

"Muache," muuza rangi alijibu. "Labda amefurahi."

Haikuwa kazi ya siku moja. Mara nyingi alijikuta ameziba tena, ikabidi ajikumbushe. Lakini wiki ikapita na nyingine ikapita, na jioni moja bwawani Cheche alizamisha uso, akaachia ukingo, akaanza kuogelea. Mmmmm. Mapovu yakapanda pembeni ya mashavu yake. Kifua hakikubana. Alisimama katikati ya bwawa, kaishika kamba, akishangaa, si kwa kuishiwa, ila kwa furaha.

"Umeona, mama? Umeyaona?"

"Nimeyaona. Usisimame sasa, unazuia njia ya watu!"

Toka hapo mafunzo yalikwenda mbele. Mama Filimbi alimfundisha kulala juu ya maji na kutazama vigae vya chini, si ukuta wa mbele, ili miguu ipande. Akitaka kupumua, asiinue kichwa, bali ageuke ubavu, mwili na kichwa pamoja.

"Sikio moja libaki majini," alisema. "Kama mtu aliyebandika sikio ukutani kusikiliza ugomvi wa jirani. Mdomo ukitoka tu inatosha."

"Hilo la jirani nalijua," Cheche alisema.

Miguu nayo ilikuwa na vituko vyake. "Unaendesha baiskeli humo ndani!" Mama Filimbi alimpigia kelele. Kweli, Cheche alikuwa akikunja magoti kama anakanyaga pedali. Alifundishwa kupiga miguu kuanzia nyongani, magoti yakiwa yamelegea kidogo tu, na vifundo vya miguu vilegee kabisa. Mikono aliambiwa asiipige juu ya maji. Mkono uingie taratibu mbele ya bega, uyakamate maji, uyasukume nyuma mpaka pajani. "Polepole. Ukiona unachoka haraka, jua unafanya haraka."

Wifi, kule mstari wa mwisho, alikuwa akisikiliza yote. Siku moja Cheche alipita karibu naye, akaona mapovu yanamtoka wifi.

"Wifi! Na kukaza je?"

"Kukaza gani? Mimi nilisema hivyo? Labda hukunisikia vizuri," wifi alisema, akazama chini kukwepa maswali.

Somo ambalo Mama Filimbi hakulikosa hata siku moja lilikuwa la woga. Alimrushia Cheche maji usoni akiwa anaogelea. Alimwambia aache kuogelea ghafla mahali miguu haifiki chini. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: geuka, lala chali, tandaza mikono, masikio ndani ya maji, tazama juu, toa pumzi. Mwili utaelea. Ukitulia, geuka uendelee. Ukiona huwezi, inua mkono, boti itakuja.

"Hata wazoefu hushtuka," alisema. "Tofauti ni kwamba wao wanajua la kufanya baada ya kushtuka. Na jambo jingine: usiogelee peke yako. Si bwawani, si ziwani. Hata mimi na mwili wangu huu siingii bila mtu wa kunitazama."

Jumamosi ya mwisho ikafika. Kinyozi alifunga saluni mapema, akaja bwawani na shati la kutokea. Alikaa ukingoni, akavua viatu, akavishika mkononi.

"Viatu vya nini?" Mama Filimbi alimwuliza.

"Ikibidi kuruka, niruke."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Basi vaa viatu vyako, shemeji. Sitaki kuokoa watu wawili."

Cheche aliingia majini. Alijua akiharibu leo, hakuna ziwa. Aliweka uso majini akaanza. Kwenda hakukuwa na tatizo. Aligusa ukuta, akageuka. Alikuwa amefika katikati akirudi, mahali pa kina kirefu, pale mwogeleaji wa mstari wa pili alipopita kwa fujo. Wimbi likaja wakati Cheche amefungua mdomo. Maji yakaingia, akapaliwa.

Kinyozi alisimama wima. Kiatu kimoja kikamponyoka, kikaangukia majini. "Mama watoto!"

Cheche alisikia sauti ile kwa mbali. Kifua kilitaka kujifunga kama zamani. Alijigeuza akalala chali. Alitandaza mikono, akakohoa, akakohoa tena, akashusha pumzi ndefu. Dari la bwawa lilikuwa jeupe, lina taa moja iliyoungua. Aliitazama taa ile mpaka moyo ukatulia. Kisha akageuka, akaweka uso majini, akaogelea mpaka ukutani.

Alipotoka, mumewe alikuwa amesimama na kiatu kimoja. Cheche alimtazama usoni, akajua.

"Umeshtuka," alisema.

"Nimeshtuka sana."

Machozi yalimlenga Cheche. Alijikaza. "Basi. Tuliahidiana. Najitoa."

"Subiri kwanza, sijamaliza." Kinyozi alimfunika taulo mabegani. "Ungekwenda na kurudi bila taabu yoyote, ningekwambia umebahatika leo, kesho je? Nilikuwa nimeshajiandaa kukwambia hivyo, mke wangu, nisikufiche. Lakini umepaliwa mbele ya macho yangu. Mwaka jana ulipigana na maji. Leo umelala kama uko kitandani kwako, ukakohoa mpaka ukamaliza, ukaendelea na safari. Mimi nilikuwa nataka kuona kitu, ila sikukijua. Ndicho hicho. Nenda ziwani."

Cheche alimkumbatia na maji yake yote, shati la kutokea likalowa chapa.

"Mama Filimbi," kinyozi aliita juu ya bega la mkewe. "Hivi mtu mzima kama mimi anaweza kuanza?"

"Jumatatu jioni. Njoo na kaptura. Na uje kuchukua kiatu chako."

Siku ya mashindano kulikuwa na ubaridi kidogo. Kabla ya kuanza, Cheche na wifi waliingia ziwani mpaka kifuani. Walijimwagia maji usoni, wakatoa pumzi majini mara kadhaa ili miili iuzoee ubaridi. Mama Filimbi alikuwa amewaambia wakae pembeni na nyuma, wawaache wenye haraka watangulie. Pia aliwaambia wainue macho mara moja moja kulitazama boya, maana ziwani hakuna vigae vya kumwonyesha mtu njia.

Honi ikalia. Watu wakajitupa majini kwa kishindo.

Mmmmm. Cheche alihesabu boya la kwanza. Mwaka huu alilipita. Karibu na la pili, kisigino cha mtu kikampiga usoni. Miwani ya kuogelea ikapinda, maji yakaingia, hakuona kitu. Woga ule wa mwaka jana ulikuja mzima mzima, kama vile ulikuwa ukimsubiri humo. Alijigeuza chali. Akalitazama anga. Akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo.

Boti ilisogea. "Dada, upo salama?"

"Nipo!" alijibu. "Napumzika tu!"

Alijisikia akisema maneno hayo, akacheka peke yake katikati ya ziwa. Alimwaga maji kwenye miwani, akaivaa vizuri, akageuka. Boya la pili likapita. La tatu likapita. Mikono ikaanza kugusa mchanga.

Alisimama. Miguu ilikuwa imekanyaga chini. Wifi alikuwa ameshatoka zamani. Nyuma ya Cheche kulikuwa na watu wachache tu, na wala hakujali. Alitoka majini akikimbia, macho yakimtafuta mumewe. Alimtafuta ukingoni, pale karibu kabisa na maji. Hayupo.

Alimwona juu kidogo, karibu na baiskeli. Alikuwa amelipa ziwa mgongo. Mbele yake walisimama watu watatu asiowajua, naye akiwafundisha kwa mikono yote miwili, yeye aliyekwenda bwawani jioni nne tu na bado anashika ukingo.

"Pumzi haizuiwi!" alikuwa akiwaambia. "Watu wengi wanakosea hapo! Uso ukiwa majini unaitoa, mmmmm, mapovu yanapanda. Kichwa usiinue hata kidogo, miguu itakwenda wapi? Itakwenda chini!"

"We baba watoto!" Cheche aliita. "Mimi ninatoka majini, wewe huangalii hata upande huu?"

Kinyozi aligeuka. Alimwona mkewe ameloa, mzima, anahema, amesimama mbele yake. Hakuonyesha mshangao wowote.

"Nilijua utatoka," alisema, akampa baiskeli.